Aliyekula Kiapo Kitandani

Jumanne, Januari 30, 1900. Alfajiri. Mji wa Frankfort, makao makuu ya jimbo la Kentucky huko Marekani, unaamka na hofu ileile uliyolala nayo. Ni mji mdogo wa kando ya mto, ila majira haya ya baridi una wanaume wawili wanaodai kiti kimoja. Mmoja ameshaapishwa kuwa gavana na anakaa ofisini. Mwingine anasubiri bunge la jimbo litamke kwamba kiti ni chake. Siku chache zilizopita treni zilishusha mamia ya wanaume kutoka milima ya mashariki, bunduki mabegani. Baadhi wamesharudi makwao. Waliobaki wanarandaranda karibu na majengo ya serikali, na wenyeji wanapopishana nao huangalia mikono kabla ya nyuso.

Saa mbili asubuhi. Ukumbi wa hoteli kubwa ya mji unaanza kujaa wanasiasa, mawakili na waandishi wa habari. Wiki mbili tu zimepita tangu wanaume wawili waliokuwa na uhasama wa tangu jeshini wafyatuliane risasi humuhumu ndani, mchana kweupe. Watu watatu walikufa. Wawili kati yao hawakuwa na ugomvi na mtu; walikuwa wamesimama tu mahali ambapo wageni wa hoteli husimama. Vifo hivyo havikutokana na kura, lakini vimeuonyesha mji jinsi umbali kati ya neno kali na kaburi ulivyo mfupi siku hizi.

Saa tatu asubuhi. Mezani kwa kila mwanasiasa kuna hesabu ileile ya Novemba. Mgombea wa chama kimoja amepata kura 193,714. Mpinzani wake, seneta wa jimbo, amepata 191,331. Tofauti ni kura 2,383. Tume ya uchaguzi ya watu watatu, wote wa chama cha seneta, imeushangaza umma: wawili kwa mmoja, imempa ushindi mgombea aliyemtangulia seneta. Ameapishwa Desemba 12. Seneta na chama chake wamefungua shauri mbele ya bunge la jimbo, ambako chama chao kina wingi. Wajumbe 11 wa kamati ya kusikiliza shauri la ugavana wamepatikana kwa kura ya bahati nasibu, na bahati hiyo imeangukia karibu yote upande wa seneta. Upande wa pili hauamini kwamba ni bahati.

Saa nne asubuhi. Seneta huyu anayepiganiwa na kuchukiwa hivi ana miaka 44. Ni mtoto wa kwanza wa wahamiaji kutoka Ujerumani, aliyezaliwa kabla ya siku zake, akiwa na uzito usiofika kilo moja na nusu. Utotoni alizungumza Kijerumani tu. Baba yake, fundi wa samani, alikwenda kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kama askari wa kawaida upande wa Kaskazini, na mama akabaki kulea peke yake. Baba aliporudi, familia ilihamia Covington, mji wa Kentucky unaotazamana na Cincinnati ng'ambo ya mto Ohio. Kijana akapelekwa kujifunza usonara, akauacha, akasomea sheria. Mwaka 1887 akaingia seneti ya jimbo na hajatoka tena.

Bungeni amejenga jina kwa kupigania mambo ya watu wenye kipato kidogo. Amepinga ushuru unaotozwa wakulima barabarani. Amepambana na kampuni kubwa ya reli kuhusu nauli na gharama za kusafirisha mazao. Vibarua na wakulima wengi wanamwona mtetezi wao. Hata hivyo si mtu wa kupendeka kirahisi. Hana mke, hana mtoto, hacheki ovyo, na hajui kumsamehe adui. Katika siasa anahesabu, anapanga, kisha anapiga.

Mwaka 1895 alipiga kwa risasi. Gazetini lilitoka neno chafu la kumdhalilisha mshindani wake, mwenye benki na askari wa zamani wa Kusini, na neno hilo lilikuwa lake. Wawili hao walikutana mbele ya benki mjini Covington. Seneta alikuwa anatembea na wenzake wawili. Bastola mbili zililia karibu kwa pamoja, kiasi kwamba walioshuhudia hawakuweza kusema ni nani aliyetangulia. Nguo za seneta zilitobolewa. Mwili wake haukuguswa. Mwenye benki alipigwa kichwani na akafa saa chache baadaye. Mahakama ilimwachia seneta. Familia ya marehemu ilibaki na kaburi, na siasa za jimbo zikabaki na kisasi kimoja zaidi.

Miaka mitatu baadaye akapitisha sheria ya uchaguzi iliyolipa bunge uwezo wa kuteua tume ya kuhesabu na kuamua matokeo. Gavana wa wakati huo aliikataa. Bunge likaipitisha juu ya kukataa kwake. Kwa kuwa chama cha seneta ndicho kilichotawala bunge, wapinzani waliiona kuwa kesi ya nyani aliyopewa ngedere aiamue. Hata baadhi ya wenzake chamani waliona aibu. Lakini sheria ilikuwa sheria, na chini yake ndipo kura za Novemba zimehesabiwa.

Saa tano kasoro asubuhi. Seneta anatoka kwenda bungeni kwa miguu. Amekwisha kuonywa zaidi ya mara moja kwamba maisha yake yako hatarini. Leo, kama siku ile ya Covington, anatembea na wenzake wawili: kanali mmoja mkongwe, na mkuu wa gereza lililo mjini humo. Wamekuja kumlinda kwa miili yao. Njia ni fupi. Mbele yao limesimama jengo la bunge la mawe, lenye nguzo nene za mtindo wa Kigiriki, lililojengwa miaka 70 iliyopita na watu walioamini kwamba jamhuri changa inahitaji nyumba inayofanana na hekalu.

Saa tano na dakika chache. Wanaingia uwanjani. Upande wao wa kulia kuna jengo jingine, la ofisi za serikali, ambamo gavana aliyeapishwa na maofisa wake wanafanya kazi. Mkuu wa gereza anatangulia kuangalia kama mlangoni kuko salama. Seneta na kanali wanafuata nyuma, wakikanyaga matofali ya kijia kinachopita karibu na chemchemi ya maji. Ndani ya jengo la bunge, wajumbe wanaendelea na shughuli zao.

Saa tano na robo. Mlio wa bunduki unasikika kutoka upande wa jengo la ofisi. Unafuatiwa na mingine, mitano au sita kwa jumla. Risasi moja inamwingia seneta kifuani upande wa kulia, inapita ndani ya pafu na kutokea mgongoni, kisha inaingia katika shina la mti uwanjani. Anaanguka juu ya matofali. Kanali aliye pembeni yake hana hata mkwaruzo. Ametembea umbali uleule, katika hewa ileile, hatua moja au mbili kutoka kwa rafiki yake, na maisha yake yaliyobaki atakuwa shahidi wa dakika hiyo.

Dakika chache baadaye. Mkuu wa gereza anageuka mlangoni na kukuta kile alichotangulia kukikinga kimetokea nyuma yake. Wanaume wanakimbia kutoka kila upande. Wengine wanaelekea kwa majeruhi, wengine wanajificha nyuma ya nguzo. Hakuna anayejua kama kutakuwa na risasi nyingine. Wachache wanaoinama kumnyanyua seneta wanafanya hivyo mbele ya madirisha ya jengo lilelile la ofisi. Majina yao hayatakumbukwa sana, lakini wao ndio wanaombeba hadi hotelini.

Saa sita mchana. Majeruhi amelazwa kitandani. Madaktari wanaanza kufika, na idadi yao itafika 18 kabla mambo hayajaisha. Mwaka 1900 daktari aliyekutana na tundu la risasi kifuani anaweza kusafisha, kufunga, kutuliza maumivu na kusubiri. Dawa za kuua vijidudu ndani ya mwili bado hazijagunduliwa. Pafu lililotobolewa halina msaada mwingi duniani, hata chumba kikijaa mabingwa.

Mchana, saa zilezile. Yupo kijana wa miaka 30 ambaye hayuko Frankfort. Ni katibu wa jimbo, mtoto wa milimani, ambaye hajamaliza hata miezi miwili ofisini. Risasi zinapolia, yeye yumo ndani ya treni kuelekea Louisville. Baadaye itasemwa kwamba bunduki ilifyatuliwa kutoka dirisha la ofisi yake, na kwamba safari hiyo aliipanga ili asiwepo. Yeye atasema hadi mwisho kwamba hakujua lolote. Keshokutwa anatimiza miaka 31. Bado hajui kwamba sehemu kubwa ya ujana wake uliobaki ataimaliza gerezani.

Alasiri. Gavana aliyeapishwa anatangaza kwamba jimbo limo katika uasi na anaita wanamgambo. Anaahirisha vikao vya bunge na kuamuru wabunge wakutane Februari 6 katika mji mdogo wa London, kusini mashariki mwa Kentucky, eneo linalomuunga mkono. Treni zinaleta askari. Wengi ni vijana waliojiandikisha ili wavae sare na kufanya gwaride. Sasa wanasimama na singe mbele ya wabunge waliochaguliwa na baba zao.

Usiku wa Jumanne. Gavana mwenyewe haondoki kwenye jengo la serikali. Nje kuna askari wanaomlinda. Ng'ambo ya mitaa michache analala mtu anayekata roho, na mji mzima unasema risasi imetoka upande wake. Awe na hatia au asiwe nayo, huyu naye ni mtu aliyezingirwa.

Jumatano, Januari 31. Asubuhi. Wabunge wa upande wa seneta wanakataa kwenda London. Wanakwenda kwenye jengo lao la bunge na kukuta askari mlangoni. Wanakwenda kwenye ukumbi wa maonyesho, askari wamewatangulia. Wanakwenda mahakamani, singe ziko hukohuko. Wazee wenye mvi na kofia ndefu wanahama mtaa hadi mtaa wakitafuta paa la kufanyia kikao, huku watu wakiwatazama kutoka vibarazani. Hakuna anayefyatua. Katika siku ambayo kidole kimoja kingetosha kuanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari na wabunge wote wanajizuia. Kujizuia huko hakukuchongewa sanamu, ila huenda kuliokoa maisha ya mamia.

Usiku wa Jumatano. Wanakutana kwa siri hotelini, chini ya paa lile analolala mgonjwa. Wanapokea uamuzi wa kamati, wanafuta kura za kutosha, na wanamtangaza seneta kuwa gavana wa Kentucky. Jaji anaingia chumbani. Mtu aliyetafuta kiti hiki kwa miaka anakula kiapo akiwa chali, sauti ikipita kwenye pafu lililopasuka. Kisha analetewa karatasi. Ni amri ya kuwarudisha wanamgambo majumbani na kuliita bunge lirudi Frankfort. Anaweka sahihi. Ni tendo lake pekee la kiserikali, na kamanda wa wanamgambo halitii.

Alhamisi, Februari 1. Kentucky ina magavana wawili na amri mbili zinazopingana. Karani asiyejua amtii nani, mlinzi asiyejua mshahara wake utasainiwa na nani, mkulima mwenye shauri lake ofisini, wote wanasubiri. Magazeti ya kila upande yanaandika kana kwamba yanazungumzia majimbo mawili tofauti. Chumbani, mgonjwa anavuta pumzi kwa shida.

Ijumaa, Februari 2. Nguvu zinapungua. Ndugu wako karibu na kitanda. Kwao huyu si gavana wala seneta. Ni kaka mkubwa aliyebaki nguzo ya familia. Katika vyumba vya chini mazungumzo ni ya nani atarithi. Katika chumba hiki kuna maji, vitambaa, na mikono inayoshikwa.

Jumamosi, Februari 3. Saa moja kasoro robo jioni. Anafariki. Magazeti yanachapisha maneno ya mwisho ya kishujaa, yanayowahimiza marafiki zake wawe jasiri na waaminifu kwa watu wa kawaida. Mwandishi mmoja wa habari atadai miaka mingi baadaye kwamba mgonjwa aliomba chaza, akala, na maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kulalamika kwamba chaza huyo alikuwa mbovu. Kama ni kweli, basi alikufa kama wafavyo watu wengi, akiwaza jambo dogo la mwili wake.

Usiku huohuo. Naibu gavana aliyetangazwa pamoja naye anaapishwa kushika nafasi. Ana miaka 30, umri wa chini kabisa ambao katiba ya jimbo inauruhusu. Anarithi nusu ya serikali, na jimbo zima lililojaa hasira.

Siku zinazofuata. Maelfu wanapanga foleni mjini Covington kuutazama mwili. Ukifika wakati wa kuurudisha Frankfort kwa mazishi, waombolezaji wanakwepa reli ya kampuni aliyopigana nayo maisha yake yote. Jeneza linavushwa mto hadi Cincinnati, kisha linashuka kusini kwa reli nyingine, safari ndefu zaidi kwa heshima ya ugomvi wake.

Miezi na miaka inayofuata. Mei 21, 1900, mahakama kuu ya nchi inakataa kuingilia uamuzi wa bunge la jimbo. Gavana aliyeapishwa Desemba anakimbilia Indiana na kuishi huko hadi kufa kwake. Katibu wa jimbo anakamatwa, anashtakiwa mara nne. Mara tatu anatiwa hatiani, mojawapo kwa hukumu ya kifo, na mara tatu mahakama ya rufani inabatilisha. Mara ya nne wazee wa baraza hawakubaliani. Mwaka 1908, baada ya miaka minane kizuizini, anapata msamaha wa gavana mpya, kisha watu wa milimani wanamchagua kuingia bunge la taifa.

Mshtakiwa mwingine ni mwanamume wa milimani aliyekuja Frankfort kuombea msamaha wa kesi ya mauaji ya koo zilizokuwa na kisasi. Aliondoka akituhumiwa kuwa ndiye aliyefyatua. Naye alihukumiwa, naye akasamehewa mwaka 1908. Wa tatu, karani wa ofisi ya serikali, alipewa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa masharti mwaka 1916 na kusamehewa mwaka 1919. Wengine waliokuwa na mashtaka walibadilika kuwa mashahidi wa serikali. Kila upande ulipata ushahidi ulioutaka. Aliyeshika bunduki hajathibitishwa hadi leo.

Leo. Sanamu ya seneta imesimama mbele ya jengo la zamani la bunge, na alama imewekwa mahali alipoanguka. Anabaki kuwa gavana pekee wa jimbo katika historia ya Marekani aliyefariki kwa kuuawa akiwa madarakani.

Mkasa huu una mafunzo yanayozidi swali la nani alifyatua. La kwanza ni kwamba sheria ya uchaguzi iliyotungwa kwa faida ya upande mmoja humnyima imani hata mtungaji wake. Tume iliyotokana na sheria ya seneta ilimpa ushindi mpinzani, wafuasi wa seneta wakaikataa; kamati ya bunge ikampa seneta, wafuasi wa mpinzani wakaikataa. Hapakubaki chombo ambacho neno lake lingekubaliwa na wote, na penye ombwe hilo bunduki ilijiona ina haki ya kusema. Vuli ya mwaka uleule bunge lilirudi na kuirekebisha sheria hiyo. Marekebisho yalifanyika ndani ya wiki chache. Yangeweza kufanyika kabla ya mazishi.

La pili ni kwamba silaha zilizoletwa kutishia hazichagui. Walioleta watu wenye bunduki mjini walisema ni kwa ajili ya kulinda haki ya kura. Waliojihami hotelini walisema ni kujilinda. Mwishowe waliokufa ni pamoja na watu wasiohusika, na kura haikulindwa hata moja.

La tatu linahusu haki baada ya damu. Mashtaka yaliyoendeshwa kwa joto la kisiasa yalizaa hukumu zisizoaminika, hukumu zisizoaminika zikazaa misamaha, na misamaha ikaufunga mlango wa ukweli. Familia ya seneta haikumjua muuaji wake kwa hakika. Wanaume watatu walipoteza miaka ya maisha yao bila jimbo kukubaliana kama walistahili. Ukweli ulihitaji wachunguzi wasio na chama, nao hawakuwepo.

Sheria ya kudhibiti viwango vya nauli za reli, aliyoipigania seneta kwa miaka, ilipita bungeni wiki chache baada ya kifo chake. Hoja zake zilikuwa na nguvu ya kushinda mezani. Uchaguzi unaoaminika hujengwa kabla ya siku ya kura, na hujengwa na wanasiasa walio tayari kushindwa.